Faharasa ya kubonyeza kwenye kozi ya mtandaoni: maswali ninayoulizwa kila mara

Natengeneza kozi za mtandaoni za makatibu na wahazini wa vikoba na SACCOS (vikundi na vyama vya kuweka na kukopa), kwahiyo mifano yangu karibu yote itakuwa ya mikopo na madaftari. Kama kozi yako ni ya afya au kilimo we badilisha tu maneno, matatizo ni yaleyale.

Faharasa ya kubonyeza ndo nini hasa? Si ile orodha ya maneno mwisho wa kitabu?

Hapana, ingawa ukoo wao ni mmoja. Kwenye diwani za mashairi za zamani kule nyuma kulikuwa na "sherehe", yaani maelezo ya maneno magumu, ukikwama kwenye ubeti unaweka kidole hapo, unafunua nyuma, unasoma, unarudi. Kwenye kitabu inawezekana sababu kidole kinabaki kwenye ukurasa. Kwenye simu hakuna pa kuweka kidole. Mtu akitoka kwenye somo kwenda kutafuta maana ya "mizania" anakutana na meseji ya WhatsApp njiani na ndo basi tena, umempoteza mpaka kesho.

Ya kubonyeza inakuja ilipo shida. Neno lina mstari wa vidoti chini yake, unaligusa, kidirisha kidogo kinapanda kutoka chini ya skrini, unasoma sentensi mbili tatu, unafunga, na bado uko kwenye mstari uleule uliokuwa unasoma. Kama faharasa yako inamtoa mtu kwenye somo lake basi hiyo bado ni orodha ya mwisho wa kitabu, umeivalisha nguo mpya tu.

Niweke maneno mangapi?

Machache kuliko unavyofikiria. Faharasa yangu ya kwanza ilikuwa na maneno 140, nilijisikia msomi kweli, humo ndani kulikuwa na "kompyuta", "mteja", hadi "kalenda". Nilipokuja kuangalia ripoti ya mfumo nikakuta yaliyofunguliwa ni maneno machache tu na ni yaleyale kila siku. Mengine yote yalikuwa yanachafua ukurasa, kila sentensi ina mstari wa vidoti, mtu hajui kipi ni muhimu.

Siku hizi neno naliingiza kwa sababu mbili tu. Ya kwanza ni kwamba msomaji hajawahi kulisikia. Hiyo ni rahisi kuiona. Ya pili ndo inayosahaulika na ndo yenye madhara: neno analolijua vizuri sana ila kwenye kozi lina maana nyingine.

Chukua "salio". Hakuna Mtanzania mwenye simu asiyejua salio, ni hela iliyobaki, ikiwa kubwa unafurahi. Sasa kwenye somo la mikopo tunaandika "salio la mkopo wa mwanachama", ambalo ni deni ambalo bado hajalipa, likiwa kubwa ni kilio. Neno moja, mwelekeo umegeuka kabisa. Na mwanafunzi hawezi kuuliza, maana hajui kama hajaelewa, anasoma anapita, halafu kwenye zoezi anatoa pale palipotakiwa kujumlisha. Maneno ya aina hii ndo uyawinde kwanza: salio, hisa, faida, mtaji, kufunga (kufunga mahesabu, si kufunga mlango), jamii (mfuko wa jamii wa kikundi). Yale magumu magumu kama "uchakavu wa mali" yatajitokeza yenyewe.

Maelezo ya neno niyaandikeje?

Usinakili kamusi. Kamusi inaeleza neno popote linapotumika, wewe unaeleza neno kwa mtu aliyekwama sehemu moja. Angalia hii ambayo niliwahi kuiandika mwenyewe na ikapita bila mtu kuipinga:

"Riba ni gharama ya matumizi ya fedha inayotozwa na mkopeshaji kwa mkopaji kwa kipindi maalumu kwa mujibu wa makubaliano ya mkataba."

Sahihi, na haisaidii kitu. Aliyekuwa hajui riba sasa hajui riba wala gharama ya matumizi ya fedha. Hii ndo ipo sasa hivi:

"Riba: hela ya ziada unayolipa juu ya ile uliyokopa. Umekopa 600,000 kwa miezi 6, unarudisha 100,000 kila mwezi, riba ni 3% kwa mwezi. Kikundi kikipiga riba kwenye mkopo wote kila mwezi, unalipa 18,000 mara 6, jumla 108,000. Kikipiga kwenye deni lililobaki tu, unalipa 18,000, 15,000, 12,000, 9,000, 6,000 na 3,000, jumla 63,000."

Ni ndefu kidogo najua, lakini ona kazi inayofanya: mtu anaona riba ni ile ile 3% na tofauti ni 45,000. Hapo hata aliyekuwa anasinzia anaamka, anaanza kujiuliza kikundi chake wanapiga ipi. Sentensi ya kwanza ni ya mtu mwenye haraka, mfano ni wa anayetaka kujua zaidi. Na usieleze neno kwa neno lingine ambalo nalo linahitaji kubonyezwa, maana utamtuma mtu kidirisha juu ya kidirisha mpaka asahau alitoka wapi.

Naambiwa faharasa iwe "interaktivu", yaani mtu ashiriki badala ya kusoma tu. Maana yake niweke michezo na vikatuni?

Hapana jamani. Vikatuni vinakula muda wako na bando la mwanafunzi. Kwangu mimi ni vitu vitatu: neno linaguswa pale lilipo, mfano unachezewa, na neno linarudi kukuuliza.

Mfano unachezewa maana yake kwenye ile riba hapo juu naweka visanduku vitatu, mkopo, miezi, asilimia, mtu anaandika namba za mkopo wake mwenyewe na anaona majibu mawili yakiwa pembeni kwa pembeni. Hicho kikokotoo kidogo kimefundisha zaidi ya video yoyote niliyowahi kurekodi. Neno kurudi kukuuliza ni kadi: mwisho wa mada zinatokea kadi tano sita za maneno ambayo ulikutana nayo humo, upande mmoja neno, upande wa pili maana, unageuza unajipima. Ukiwa na H5P (programu ya kutengeneza mazoezi ya kubonyeza ndani ya kozi) kadi hizo zipo tayari, pia kuna zoezi la kuburuta neno na kulidondosha kwenye nafasi iliyo wazi ndani ya sentensi, hilo nalipenda kwa sababu neno linabaki kwenye matumizi.

Natumia Moodle (mfumo wa kuendeshea kozi za mtandaoni), nimeweka faharasa lakini maneno hayawaki kwenye somo. Nimekosea wapi?

Hili naulizwa kuliko yote. Kuna swichi tatu na zote lazima ziwashwe, ukikosa moja hakuna kinachotokea na mfumo haukwambii chochote.

Ya kwanza iko kwa msimamizi wa tovuti nzima, kichujio cha kuunganisha maneno ya faharasa chenyewe. Kama wewe ni mwalimu tu hiyo huioni, umwombe anayesimamia. Ya pili iko kwenye mipangilio ya faharasa yenyewe, pale panaposema viungo viundwe vyenyewe. Ya tatu iko kwenye kila neno, kisanduku unachotiki wakati unaliandika. Watu wengi wamewasha ya pili na ya tatu halafu wanashinda wiki wanafuta na kuandika upya, kumbe ya kwanza imezimwa.

Ukiwa hapo kwa msimamizi mwombe na kitu kimoja zaidi, awashe chaguo la kuunganisha neno mara moja tu kwa kila ukurasa. Bila hiyo "mkopo" ukitajwa mara kumi na tano utawaka mara kumi na tano.

Mbona vipande vya maneno ya ajabu vimekuwa viungo?

Hahaha, karibu chamani. Mimi niligundua baada ya mwanafunzi kunitumia picha ya skrini akiuliza kwanini ndani ya "takribani" kuna kitufe. Nikaangalia: tak-RIBA-ni. Mfumo umeona riba humo katikati ukafurahi. "Hisa" ilikuwa imewaka ndani ya "hisabati" na ndani ya "hisani". "Mali" imewaka kwenye "maliza" na "malipo". Kali kuliko zote ilikuwa "akiba", kuna sentensi inasema "mwanachama akibadilisha namba ya simu" na herufi tano za kwanza za "akibadilisha" zimepigwa mstari, ukibonyeza unaambiwa umuhimu wa kujiwekea akiba.

Dawa yake ni kutiki pale kwenye neno husika panaposema lilingane neno zima tu. Tiki kwa kila neno fupi, usiache hata moja, Kiswahili kina silabi zinazojirudia sana na neno la herufi nne au tano lazima litajikuta tumboni mwa lingine.

Nimetiki neno zima, sasa "mikopo" haiwaki na "mkopo" inawaka.

Ndio, na hapo ndo penye kazi yenyewe. Mifumo hii imetengenezwa na watu ambao lugha yao inabadilisha neno mwishoni, sisi tunabadilisha mwanzoni. Mkopo mikopo, mdhamini wadhamini, kikoba vikoba, rejesho marejesho, deni madeni. Kwa mfumo hayo ni maneno mawili tofauti yasiyojuana.

Kila neno kwenye Moodle lina sehemu ya maneno mbadala, unaandika moja kwa kila mstari. Umoja uwe kichwa, wingi uwe mbadala. Maneno ya ngeli ya I-ZI yanakupa nafuu, hisa ni hisa, riba ni riba, dhamana ni dhamana. Ya A-WA na KI-VI na mengineyo lazima ukae uyaandike, hamna njia ya mkato.

Vitenzi achana navyo. Ukitaka kukamata "kopa" utaandika anakopa, amekopa, walikopa, tukikopa, asiyekopa, wakikopeshana, utazeeka hapo. Mimi naunganisha nomino tu, na kama kuna kitenzi kimoja muhimu mahali fulani nakiwekea kiungo kwa mkono.

Orodha nzima niipange A hadi Z?

Jaribu uone. Mkopo, mtaji, mdhamini, mwanachama, mhazini, mapato, matumizi, marejesho, mizania, mgao: nusu ya faharasa imejazana kwenye M, Q na X ziko tupu zinakutazama. Alfabeti kwa Kiswahili inapanga viambishi tu, haipangi mambo.

Napanga kwa kazi: kujiunga na kikundi, kuweka, kukopa, kurejesha, kufunga mwaka. Mtu anayejaza fomu ya mkopo anaingia "kukopa" na anakuta mdhamini, dhamana, riba na rejesho vimekaa pamoja kama vinavyokaa kwenye fomu. Juu naacha kisanduku cha kutafuta kwa anayejua anachokitaka, na kikubali umoja na wingi.

Je, maana itokee mtu akipeleka mshale juu ya neno?

Kwenye simu hakuna mshale, mwisho wa hadithi. Na wanafunzi wangu karibu wote wako kwenye simu.

Hata kwa wa kompyuta, miongozo ya WCAG 2.1 ya mwaka 2018 (ile ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na kila mtu, hata wenye ulemavu) inataka kidirisha kinachotokea kwa mshale kiweze kufungwa bila kuhamisha mshale, kisipotee mtu akipeleka mshale juu yake, na kibaki mpaka mtu mwenyewe akiache. Umeshawahi kukutana na kile kidirisha unachokimbiza kama kuku? Ndo hicho wanachokikataa. Na toleo la 2.2 la mwaka 2023 linataka kitu cha kugusa kiwe angalau pikseli 24 kwa 24, maneno yaliyo ndani ya aya yana msamaha wake ila kile kitufe cha kufunga hakina sababu ya kuwa kadogo kama punje ya mtama. Dole gumba la mtu mzima ni dole gumba la mtu mzima.

Pia usitegemee rangi peke yake kuonyesha neno linabonyezeka, weka na mstari. Na kwa wasioona, kiungo kiwe neno lenyewe, "dhamana", maana simu inamsomea, ukimwekea "bonyeza hapa" mara saba atasikia bonyeza hapa mara saba.

Itakula bando?

Maandishi hayali kitu. Sauti ya sekunde 10 ukiirekodi kwa kilobiti 32 kwa sekunde ni kama kilobaiti 40, hiyo ni ndogo kuliko picha moja, na inasaidia sana wale ambao kusoma kunawachosha. Ila isijicheze yenyewe, mtu yuko kwenye daladala. Video kwenye faharasa, hapana.

Nitumie Kiswahili gani, cha vitabuni au cha watu?

Tumia neno lililoko kwenye fomu. Hii ndo kanuni yangu na nimeshagombana na watu sababu yake. Mwanafunzi akimaliza kozi anakwenda kukutana na fomu, leja, mkataba, kwahiyo kichwa cha neno kiwe kilivyoandikwa kule hata kama wewe hulipendi, na lile la mtaani liwe mbadala ili akitafuta alikute. "Mizania" ni kichwa, "balansi shiti" ni mbadala. Kompyuta kwa Tanzania, na kama kozi inasomwa na Wakenya ongeza tarakilishi.

Vikundi vyenyewe vina majina kibao. Sisi kikoba, Kenya chama, Wakongomani watakwambia likelemba, Rwanda ni ikimina. Havifanani kila kitu, likelemba ni ya kupokezana hela zaidi, kama upatu wetu, kwahiyo usizitupe zote kwenye neno moja kama mbadala bila maelezo. Andika mstari mmoja unaosema tofauti iko wapi.

Niruhusu wanafunzi waongeze maneno yao?

Ruhusu, ila yapite kwako kwanza kabla hayajaonekana, Moodle ina chaguo hilo. Mada nzima sisi tulikuwa tumeandika "mgawanyo wa mwisho wa mzunguko", tukaieleza, tukaiwekea na mfano. Mama mmoja mhazini akaongeza neno lake: "Kuvunja. Ni siku tunagawana hela, si ugomvi." Basi. Kumbe ndo hilo wanalosema wote, "tunavunja Desemba", na sisi tulikuwa tunaongea peke yetu wiki tatu. Nikalipandisha likawa kichwa, la kwetu likawa mbadala.

Baadhi watakuletea nakala ya mtandaoni bila hata kuisoma. Yarudishe tu kwa ujumbe wa upole, waombe mfano kutoka kwenye kikundi chao, hapo ndo utajua nani anaelewa.

Mtihani wangu watu wote wanapata 100, ni wazuri hivyo kweli?

Fungua mtihani kama mwanafunzi. Nina uhakika maneno ya faharasa yanawaka mpaka kwenye maswali, unauliza "dhamana ni nini?" na dhamana yenyewe inabonyezeka inatoa jibu. Ingia kwenye mipangilio ya huo mtihani, sehemu ya vichujio, zima hicho cha faharasa hapo tu.

Sheria au taratibu zikibadilika?

Maana ikae sehemu moja tu. Ukiiandika kwenye faharasa, kwenye slaidi na kwenye PDF, siku ya kubadilika utarekebisha moja na kusahau mbili. Kwa maneno ya kisheria naweka chini kabisa mwaka wa sheria, mfano "daraja la nne": vikundi vya kijamii vya huduma ndogo za fedha, kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, SACCOS ni daraja la tatu. Msomaji akiona mwaka anajua aangalie kama bado ndo hiyo.

Akili bandia iniandikie?

Rasimu sawa. Namba zake zipigie hesabu mwenyewe, na mfano uwe wa hapa, siyo wa mtu ananunua nyumba kwa mkopo wa miaka 30.

Nitajuaje inasaidia?

Angalia kumbukumbu za mfumo, neno gani linafunguliwa sana na linafunguliwa wapi. Neno likifunguliwa kwenye mada ya kwanza ni kawaida. Likiwa bado linafunguliwa na watu walewale mada ya nne, tatizo haliko kwenye faharasa, somo lako ndo halijaeleza, rudi urekebishe somo. Ilinitokea kwa "dhamana", nilikuwa nimehangaika na kidirisha mara tatu kumbe nilichanganya dhamana na mdhamini kwenye aya moja ya somo.

Njia ya pili ni kukaa pembeni ya mtu mmoja na simu yake, unyamaze. Ni ngumu kunyamaza.

Na wale ambao mtandao kwao ni wa kubahatisha?

App ya Moodle inaruhusu kupakua kozi, waambie wapakue wakiwa mjini. Ile kozi ya makatibu niliiongezea karatasi moja, maneno 20 yaliyofunguliwa zaidi, ukubwa wa A5, pande mbili. Ukienda kwenye vikundi vingine utaikuta imegundishwa kwa gundi ndani ya jalada la daftari la mikopo, na kwenye moja mtu ameandika kwa kalamu pembeni ya "riba": sisi ni ile ya 63,000.